MGOMBEA WA WADI NA TAKA ZA MJI

(Maneno ya hotuba kwa wapiga kura wa mijini)

Kila uchaguzi unapokaribia, mgombea wa wadi husimama juu ya gari lenye vipaza sauti, akanyosha kidole kuelekea rundo la taka lililo karibu. Si kazi ngumu kulipata. Kisha hutamka: "Nichagueni, na lori litakuja." Watu hupiga makofi. Pengine lori moja la kukodi huja kweli siku ya Jumamosi, picha zikapigwa, na baada ya kura kuhesabiwa halionekani tena.

Yafaa wananchi wafahamu kwamba kasoro ya ahadi hiyo ni kubwa kuliko uongo wa kawaida wa kampeni. Sheria ya Serikali za Kaunti ya mwaka 2012, katika kifungu cha 9, yamkataza mjumbe wa Bunge la Kaunti kujiingiza katika kazi za utendaji, au kutoa huduma kana kwamba yeye ni mtumishi wa kaunti. Malori, madereva na mafuta yamo mikononi mwa gavana na maofisa wake. Mwakilishi wa wadi amepewa kazi nyingine: kutunga sheria za kaunti, kuidhinisha matumizi ya fedha, na kuwakagua wazitumiao. Basi mgombea anayeahidi lori huahidi kisicho chake, na kile kilicho chake hakitaji kabisa.

Uchukuzi wa taka ni kazi ya kaunti. Hilo limeandikwa wazi katika Jedwali la Nne la Katiba ya mwaka 2010, na kifungu cha 42 cha Katiba hiyo chatoa haki ya kila mtu kuishi katika mazingira safi na yenye afya. Lakini haki iliyoandikwa haizoi taka. Dandora ni ushahidi wa kutosha.

Jaa la Dandora lilifunguliwa mwaka 1975 mahali palipokuwa machimbo ya mawe, kando ya Mto Nairobi. Mwaka 2001 lilitangazwa kuwa limejaa, walakini malori hayakuacha kumwaga. Mwaka 2007 Shirika la Mazingira la Umoja wa Mataifa, lenye makao yake Gigiri katika mji huo huo, lilichapisha uchunguzi juu ya watoto na vijana 328 waishio karibu na jaa: nusu yao walikuwa na madini ya risasi katika damu kupita kipimo kilichokubaliwa wakati huo. Risasi hudhuru ubongo wa mtoto unaokua, na madhara hayo hayaondoki. Mwaka 2021 mahakama iliamuru jaa lifungwe katika muda wa miezi sita. Miezi sita ikapita, na malori yakaendelea kupanga foleni langoni.

Kwa nini jambo lililo wazi hivyo likashindikana? Sehemu ya jawabu ni kwamba taka haziondolewi, huhamishwa tu. Wakati mmoja ilikusudiwa jaa jipya liwe Ruai, lakini wakuu wa viwanja vya ndege wakapinga, kwa kuwa ndege wanaofuata taka wangeweza kugongana na ndege zinazotua Embakasi. Mjini Mombasa jaa la Kibarani, lililokuwa likimlaki kila mgeni aingiapo kisiwani, lilifungwa, miti ikapandwa, na pakapendeza sana. Malori nayo yakaelekezwa Mwakirunge, ambako pia wanaishi watu. Mgombea wa Kibarani na mgombea wa Mwakirunge hawawezi kusimulia habari hiyo kwa furaha moja.

Na kuna wale wanaoishi kwa jaa lenyewe. Maelfu ya watu huchambua chuma, chupa na karatasi pale Dandora, wakawauzia wanunuzi kwa kilo. Mgombea asemaye "tutalifunga kesho" bila kueleza watu hao watakula nini hajalifikiri jambo lake hata nusu.

Mgombea aliyelifikiri atasema maneno mengine, ambayo huenda yasipigiwe makofi mengi. Atasema kwamba zaidi ya nusu ya taka za Nairobi ni maganda, majani na mabaki ya vyakula, vitu vizito vilivyojaa maji; na kwamba kuvisafirisha kutoka kila soko hadi Dandora ni kuchoma mafuta bure, ilhali vingeweza kuozeshwa karibu na soko vikawa mbolea. Atakumbusha kwamba Sheria ya Usimamizi Endelevu wa Taka ya mwaka 2022 yataka taka zitenganishwe pale pale zinapotoka, kisha atauliza kaunti imetenga shilingi ngapi kwa kazi hiyo. Atawataja vijana wenye mikokoteni wanaozoa taka nyumba kwa nyumba, na kudai wapewe mahali halali pa kuzipeleka, maana asiye na mahali humwaga usiku mtoni au katika mtaro. Mvua za Aprili na Mei 2024 zilipofurika, Mathare ilipoteza watu na nyumba. Taka si sababu pekee ya mafuriko yale, lakini mtaro uliozibwa haupitishi maji.

Tena atawaeleza watu juu ya silaha aliyo nayo mwakilishi, ambayo haitumiwi ipasavyo. Kifungu cha 195 cha Katiba chalipa Bunge la Kaunti uwezo wa kumwita mtu yeyote mbele yake, na kumlazimisha kuleta hati, kama Mahakama Kuu ifanyavyo. Mkandarasi aliyelipwa kwa tani ambazo hakuna aliyeziona zikipimwa aweza kuitwa. Ofisa aliyetia sahihi malipo hayo aweza kuitwa pia.

Hata hivyo yuko mwananchi asiyetaka kumngoja mwakilishi. Kifungu cha 70 chamruhusu kwenda mahakamani juu ya haki ya mazingira safi bila kuthibitisha kwamba yeye mwenyewe amepata hasara.

Jambo la mwisho ni la tarehe, nalo husahauliwa mno. Makadirio ya fedha za kaunti hupelekwa Bungeni kabla ya Aprili 30, na hupaswa kuidhinishwa kabla ya Juni 30. Uchaguzi hufanywa Jumanne ya pili ya Agosti, kila mwaka wa tano. Kwa hiyo mwakilishi mpya huikuta bajeti ya mwaka wake wa kwanza imekwisha kupitishwa na wale aliowashinda. Mgombea akiahidi kwamba taka za wadi zitaondoka kabla ya Krismasi, na aulizwe palepale mkutanoni: fedha hizo zimo katika fungu gani, na kama hazimo, ataomba zipunguzwe wapi katika bajeti ya nyongeza?