Bamba la Mgongoni

(Hotuba iliyotolewa na mmoja wa wanafunzi wa zamani kwenye mkutano wetu wa mwaka, katika ukumbi wa chakula wa shule.)



Mara ya mwisho niliposimama hapa mbele ya watu wengi namna hii nilikuwa kidato cha tatu, na nilisimamishwa kwa kosa la kuchelewa mchakamchaka. Leo nimesimama kwa hiari yangu.

Ndugu Katibu aliniomba nizungumze juu ya kazi ya mtumishi wa serikali na faida ya elimu. Nimeona nikilizungumza jambo hilo kwa jumla mtasinzia, maana wali mmekwisha kula. Kwa hiyo nimechagua jambo moja dogo nililolifanya mwenyewe kazini, tena nililolikosea kwanza. Ni swali hili: je, fulana ya kuzuia risasi inahitaji bamba la mgongoni, au bamba la kifuani linatosha?

Naomba nieleze kidogo kwa ajili ya wadogo zetu. Fulana hizi hushonwa kwa nyuzi ngumu sana. Nyuzi maarufu zaidi, ziitwazo Kevlar, zilitokana na kazi ya mwanamke mkemia wa Marekani, Stephanie Kwolek, mwaka 1965. Fulana ya nyuzi peke yake huweza kuzuia risasi za bastola na vipande vya mabomu. Lakini risasi ya bunduki ya kivita, kama vile AK-47, huipenya. Ndiyo maana fulana huwekewa mifuko, na ndani ya mfuko hutiwa bamba gumu, mara nyingi la kauri. Kauri huivunja ncha ya risasi, na nyuzi zilizogandamizwa nyuma yake huvikamata vipande. Bamba moja lina upana wa kama sentimeta 25 na urefu wa kama 30, na huwa na uzito wa kilo 2 hadi 3, pengine zaidi kidogo. Halifuniki mwili mzima, ila moyo, mishipa mikubwa ya damu na sehemu ya mapafu. Tena ni ghali.

Basi miaka michache iliyopita idara niliyokuwa nikifanya kazi ilipata fedha za kununua fulana hizo kwa ajili ya askari wa wanyamapori. Hamna haja ya kukumbushwa hali ilivyokuwa. Nchi yetu ilikuwa na tembo wapatao 109,000 mwaka 2009, na sensa ya mwaka 2014 ilikuta kama 43,000 tu. Majangili walikuwa na silaha za kivita. Askari waliowafuata porini walivaa shati la kaki.

Mimi nilipewa jalada niandike mapendekezo. Kasma ilitosha kununua mabamba 60. Hesabu yake hata mtoto wa darasa la tatu anaiweza: ama askari 60 wapate bamba la kifuani tu, ama askari 30 wapate la kifuani na la mgongoni.

Niliandika dokezo la kurasa nne, na kwa kweli nilijivunia Kiswahili chake. Nilipendekeza kifuani tu, kwa sababu tatu. Ya kwanza, watu 60 ni wengi kuliko 30. Ya pili, joto na uzito: askari anayetembea kutwa nzima na maji yake, chakula chake na bunduki yake haongezewi kilo 3 bila sababu. Ya tatu, nilikuwa nimesoma taarifa za askari waliojeruhiwa, na wengi walikuwa wameumia mbele au mikononi. Tena niliongeza mfano kutoka vitabuni. Katika Vita Kuu ya Pili, daktari wa jeshi la anga la Marekani huko Uingereza, Malcolm Grow, aliona kwamba majeraha mengi ya warusha ndege yalitokana na vipande vya mizinga, akatengenezewa fulana za vipande vya chuma na kiwanda cha Wilkinson Sword cha London. Zikatoka aina mbili. Ya kwanza ilikuwa na chuma mbele na nyuma, na uzito wake ulikuwa kama kilo 8. Ya pili ilikuwa na chuma mbele tu, nayo ilikuwa ya marubani. Nikaandika kwa wino: kama Wamarekani wenye fedha zao waliwapa marubani bamba la mbele tu, na sisi tunaweza.

Lakini ilikuwapo sababu ya nne ambayo sikuiandika. Moyoni nilifikiri kwamba mwanamume haonyeshi mgongo. Ninyi mliosoma hapa mnajua kijana aliyegeuka na kukimbia kwenye ugomvi nyuma ya bweni aliitwaje mpaka siku ya kuondoka shuleni. Niliona bamba la mgongoni ni bamba la mkimbizi.

Nikatia sahihi. Mkuu wangu wa kazi alilisoma dokezo, akalirudisha na sentensi moja pembeni: "Umewauliza watakaozivaa?" Nilikuwa sijawauliza. Nikapanda gari na sampuli moja ya fulana, nikaenda kwao.

Kiongozi wa doria alikuwa mzee mmoja mwembamba, aliyebakiza miaka michache kustaafu. Nilimvika fulana yenye bamba la mbele. Akatembea nayo, akachuchumaa, akalala kifudifudi kama anayelenga. Kisha akaniuliza, "Bosi, nikilala hivi, kifua changu kiko wapi?" Nikamwambia kiko chini. "Na kilicho juu ni nini?" Nikanyamaza. Akainuka, akamwita askari kijana, akamwambia alale ajifanye amepigwa risasi. Yule mzee akamshika kijana kwenye mabega na kumkokota kwenda nyuma ya mti. Alipomfikisha akamgeuza, akambeba begani, akaanza kuondoka. Alipokwenda hatua kama 20 alisimama, akasema bila kugeuka: "Sasa niambie, Bosi. Adui yuko huko ulikosimama wewe. Anaona nini?"

Ndugu zangu, alikuwa anaona mgongo. Siyo mgongo wa mkimbizi, la hasha. Ni mgongo wa mtu anayemtoa mwenzake.

Nikajitetea kwa kusema kwamba angalau madereva hawahitaji, maana wao wamekaa kitini kama rubani. Dereva wao alicheka mpaka akashika boneti. Akafungua mlango wa gari, akabonyeza mgongo wa kiti kwa kidole. "Hiki ni sponji, Mzee," akaniambia, "na nyuma ya sponji ni bati. Wakitupiga baada ya kupita, risasi itauliza nini?"

Niliporudi nilikifungua tena kile kitabu nilichokinukuu, nikasoma ukurasa nilioupita. Rubani alipewa bamba la mbele tu kwa sababu kiti chake chenyewe kilikuwa na kinga ya chuma mgongoni. Mpiga bunduki wa pembeni, ambaye husimama na kugeuka huku na huku, alipewa mbele na nyuma. Katika vita vya Vietnam, kuanzia mwaka 1966, ilikuwa vivyo hivyo kwenye helikopta: rubani, aliyekaa kwenye kiti chenye kinga, alivaa bamba la kauri mbele, mpiga bunduki mlangoni alivaa mbele na nyuma. Na wengine walikalia fulana nyingine, kwa kuwa risasi zilitoka chini. Hilo si la ng'ambo peke yake. Hapa kwetu, mwezi Januari 2016, majangili katika Pori la Akiba la Maswa walimpiga rubani Mwingereza, Roger Gower, akiwa hewani kwenye helikopta, na risasi ilipenya kutoka chini. Wazee wetu walisema, usisafirie nyota ya mwenzio. Mimi nilichukua fulana ya rubani, nikakisahau kiti chake.

Nikasoma na habari ya zamani zaidi. Tarehe 22 Aprili 1809, huko Eckmühl katika nchi ya Wajerumani, wapanda farasi wa Ufaransa walipambana na wapanda farasi wa Austria. Wote walivaa deraya. Wafaransa walikuwa na chuma kifuani na mgongoni, na Waaustria walikuwa na chuma kifuani tu. Walipokuwa uso kwa uso hapakuwa na tofauti kubwa. Lakini mapambano ya farasi ni mzunguko, na mwisho wake upande mmoja hugeuka. Waaustria walipogeuka walichomwa mapanga mgongoni, wakafa wengi mno kuliko Wafaransa. Ofisa wa Kifaransa, Marbot, ameyaeleza hayo katika kumbukumbu zake. Hawakuwa waoga watu wale. Walikuwa wamevikwa na wakubwa walioamini, kama mimi, kwamba vita ina upande mmoja.

Ikabaki sababu yangu ya tatu, ya taarifa za majeruhi. Hiyo ndiyo iliyoninyima usingizi. Wakati wa Vita Kuu ya Pili, huko New York, mwanahisabati Abraham Wald alipewa swali la ndege zinazorudi na matundu ya risasi. Mtu angedhani kinga iwekwe penye matundu mengi. Hoja inayotokana na kazi yake ni kwamba ndege zilizohesabiwa ni zile zilizorudi. Zilizopigwa penye hatari kweli hazikurudi kuhesabiwa.

Nikajiuliza: majalada niliyoyasoma mimi yalikuwa ya nani? Yalikuwa ya majeruhi, yaani watu waliofika hospitali. Askari anapofariki jalada lake halikai pamoja na ya majeruhi. Huenda chumba kingine, kwenye mambo ya mirathi na malipo ya familia. Nikashuka hadi chumba hicho, nikaomba ruhusa, nikakaa siku mbili. Sitataja majina wala idadi. Wana wazazi na watoto. Nitasema tu kwamba mgongo ulikuwamo humo, na ubavu ulikuwamo, kuliko nilivyoandika katika kurasa zangu nne.

Asubuhi yake nilikwenda kwa mkuu wangu wa kazi nikamwomba anirudishie dokezo. Kwa mtumishi wa serikali hilo si jambo jepesi. Dokezo lenye sahihi ni kama mtoto aliyekwisha batizwa. Alinipa, wala hakusema neno.

Je, jibu lilikuwa nini? Msidhani kwamba nasema bamba la nyuma ni la lazima kwa kila mtu na kila siku. Mlinzi aliyekaa ndani ya kibanda cha ukuta mnene, na adui hana pa kutokea ila mbele, huenda la mbele likamtosha. Mpelelezi anayepanda mlima kwa siku tatu anaweza kuamua kwamba wepesi wa miguu ndiyo kinga yake. Hata watumiaji wengi husema bamba la mbele peke yake huvuta shingo na mabega, na kwamba mawili hukaa mwilini sawasawa kama kapu mbili kwenye mzega. Lakini uzito ni uzito, na jua ni jua. Swali la kuuliza ni moja: mtu huyu akiwa kazini, mgongo wake unalindwa na nini? Kama jibu ni ukuta au kiti cha chuma, vema. Kama jibu ni sponji, au hewa tupu, mpe bamba.

Tulinunua mabamba 60 kwa watu 30. Yule mzee ndiye aliyetuonyesha njia, kwamba watu 60 hawaendi doria siku moja. Fulana ziwekwe ghalani pamoja na bunduki, ziwe za doria, zisiwe za mtu; anayetoka achukue, anayerudi akabidhi. Dereva wa doria naye akahesabiwa katika hao 30.

Lakini sitawaficha upande wa pili. Walinzi wa lango hawakupata kitu. Katika mpango wangu wa kwanza walikuwamo, kila mmoja na bamba lake la kifuani. Siku ya kukabidhi fulana mmoja wao alinifuata hadi kwenye gari akaniuliza, kwa adabu kabisa, "Na sisi, Bosi?" Nilimwambia tungewaombea fedha katika bajeti ya mwaka unaofuata. Tuliomba, na tukapata sehemu. Lile swali lake bado ninalo.

Mwaka jana mkaguzi mmoja alinionyesha orodha ya fulana zile. Akasema hakuna hata bamba moja la mgongoni lililopigwa risasi, je, fedha hazikupotea? Nikamwambia kwamba namshukuru Mungu kwa orodha hiyo, na nikamwomba anipe orodha ya askari waliorudi kutoka doria. Alikuwa nayo. Wote walikuwamo.

Wadogo zangu, mtaondoka hapa na vyeti, na baadhi yenu mtapewa kalamu ya kuamua mambo yatakayovaliwa na watu wengine. Mjue kuandika vizuri, nawasihi, maana tulifundishwa hivyo hapa. Lakini kabla ya kutia sahihi, mpelekee kitu chako yule atakayekitumia, umwombe alale nacho chini na ambebe mwenzake. Kuuliza si ujinga. Halafu shukeni na kwenye chumba cha majalada ambayo hakuna mtu anayependa kuyafungua.