Lengo Linaloweza Kukaguliwa Ijumaa

Mada kwa wakufunzi na viongozi wa wanafunzi wa vyuo vya Kitui na Makueni, Migwani



Nimepewa mada pana, kupanga malengo ya masomo na mikakati ya kuyafikia, nami nitaibana. Nadai kwamba malengo mengi tunayoandika vyuoni hayafikiwi kwa sababu hayamwambii mtu yeyote afanye nini kesho asubuhi. Yanataja alama, na alama huja mwishoni, kazi ikiwa imekwisha na hakuna tena cha kurekebisha. Ninachopendekeza ni tuyapasue malengo hayo yawe kazi ya wiki moja, kazi ambayo ikifika Ijumaa mwanafunzi na mkufunzi wake wanaweza kuitazama pamoja na kukubaliana kama imefanyika au haijafanyika.

Sisi sote humu tumelelewa na wastani. Mfumo wa 8-4-4 ulioanza mwaka 1985 ulimpa mtahiniwa gredi ya A hadi E, gredi ikageuzwa pointi, kuanzia 12 hadi 1, pointi za watahiniwa wote zikawa wastani wa shule, na wastani wa mwaka ujao ukaandikwa kwenye ubao nje ya ofisi ya mwalimu mkuu. Nani hajapita mbele ya ubao kama huo? Umeandikwa "Lengo letu: 8.0", na chini yake hakuna neno lolote linalosema nani atafanya nini ili hiyo 8.0 ipatikane.

Tuliona ahadi za namna hiyo zilikotufikisha. Katika mtihani wa sekondari wa KCSE wa 2015 watahiniwa zaidi ya 5,000 walifutiwa matokeo kwa udanganyifu. Machi 2016 serikali ikaivunja bodi ya Baraza la Mitihani, KNEC. Mtihani wa mwaka huo ukafanywa chini ya ulinzi mkali, na waliopata gredi ya A wakashuka kutoka zaidi ya 2,600 hadi 141. Wapo wanaosema usahihishaji nao ulikuwa mgumu kuliko kawaida, na huenda ni kweli kwa kiasi. Lakini siamini kwamba watoto wa 2016 walikuwa na akili pungufu kuliko kaka na dada zao waliowatangulia. Ninaloamini ni kwamba shule nyingi zilikuwa zimejifunza kuitafuta namba bila kupitia kwenye kujua. Mwanasaikolojia wa Marekani Donald Campbell alilionya jambo hili tangu miaka ya 1970: kipimo kikishafanywa cha kuamua hatima za watu, watu hukipinda kipimo chenyewe.

Wanafunzi tunaowapokea leo wametoka katika mazoea hayo, na sisi tunaowafundisha pia. Wakati huohuo vyuo vimebadilika. Mwaka 2021 vyuo vya ualimu vilipokea kundi la kwanza la diploma ya ualimu wa shule za msingi, DPTE, ya miaka mitatu, mahali pa cheti cha P1 kilichochukua miaka miwili. Vyuo vya ufundi navyo vimehamia mtaala wa umilisi unaosimamiwa na baraza la mitaala na upimaji wa ufundi, TVET CDACC, ambako mwanafunzi hupimwa kitengo kwa kitengo na hutakiwa kuweka ushahidi wa kazi aliyoifanya kwa mikono yake. Mtaala unauliza "unaweza kufanya nini?", ilhali fomu zetu za malengo bado zinauliza "unataka gredi gani?" Mwanafunzi anajaza "A", anatia sahihi, mkufunzi anatia sahihi, fomu inaingia kwenye faili, na haitoki tena hadi siku ya ukaguzi.

Sisemi malengo hayana maana. Utafiti wa Edwin Locke na Gary Latham, walioukusanya katika kitabu chao cha 1990, ulionyesha kwa kazi nyingi na watu wengi kwamba anayepewa lengo mahususi na gumu kiasi hufanya vizuri kuliko anayeambiwa "jitahidi uwezavyo". Hapo ndipo wengi wetu hukomea tunapowafundisha wanafunzi kupanga malengo. Lakini wenyewe waliongeza tahadhari isiyotajwa sana: kazi ikiwa mpya na ngumu, na mtu hajajua njia ya kuifanya, lengo la matokeo linaweza kumharibia, kwa sababu mawazo yake yote yanakwenda kwenye namba badala ya kwenye njia. Mtu huyo anahitaji lengo la kujifunza, yaani kugundua na kuzoea namna tatu au nne za kuikabili kazi hiyo. Mwanafunzi wetu wa mwaka wa kwanza yuko hapo hasa.

Kuna jaribio jingine ninalolipenda zaidi kwa sababu ni dogo na linaeleweka. Mwaka 1981 Albert Bandura na Dale Schunk waliwachukua watoto waliokuwa wamelemewa na hesabu za kutoa. Kila mtoto alipewa kurasa 42 za mazoezi kwa vipindi saba. Kundi moja liliambiwa lilenge kumaliza kurasa zote kufikia mwisho wa vipindi hivyo. Kundi lingine liliambiwa lilenge kurasa sita kila kipindi. Sita mara saba ni 42, kwa hiyo kazi ni ileile. Waliopewa lengo la karibu walifanya vizuri zaidi katika mtihani wa mwisho, wakajiamini zaidi, na walipoachwa huru wakaendelea kufanya hesabu kwa hiari yao. Wale wa lengo la mbali walikaribia kulingana na watoto ambao hawakupewa lengo lolote.

Tuyalete hayo darasani kwetu. Chukua mwalimu mwanafunzi aliyepata 38 kwa 100 katika jaribio la Hisabati. Desturi yetu ni kumwita, kumshauri, na kumwandikisha kwamba muhula ujao atapata 60. Anatoka ofisini akiwa na aibu na namba, basi. Sasa tumpe karatasi yake na kalamu ya rangi tofauti, apange kila alama aliyopoteza katika mafungu matatu: hakujua kabisa, alijua lakini akakosea njiani, au hakufikia swali kwa sababu ya muda. Mafungu haya yana dawa tofauti, na mara nyingi mwanafunzi mwenyewe hushangaa kuona ni fungu gani lililompotezea zaidi. Tuseme amegundua kwamba kugawanya sehemu ndiko kunakomwangusha. Lengo lake la wiki liandikwe hivi: "Kufikia Ijumaa nitafanya maswali 12 ya kugawanya sehemu bila kufungua daftari, kisha nitamweleza mwenzangu kwa Kikamba kwa nini tunaigeuza sehemu ya pili."

Nimetaja Kikamba kwa makusudi. Sera ya mtaala inataka watoto wa gredi za kwanza wafundishwe kwa lugha ya eneo lao. Mwalimu ambaye dhana ya sehemu anaijua kwa Kiingereza cha kitabu pekee atakwama mbele ya mtoto wa Gredi ya 3 hapa Migwani. Akiweza kuieleza kwa lugha aliyonyonya, nasi tumejua kwamba ameielewa.

Nimesema pia "bila kufungua daftari". Pita bwenini usiku wa kuamkia jaribio uone: wanafunzi wanasoma nukuu zao mara ya tatu, mara ya nne, wanapaka mistari rangi ya manjano. Mwaka 2006 Henry Roediger na Jeffrey Karpicke walilinganisha kusoma tena na kujijaribu. Baada ya dakika tano, waliosoma tena walikumbuka zaidi. Baada ya wiki moja, waliojijaribu ndio waliokumbuka zaidi, tena kwa mbali. Kusoma tena humpa mtu hisia ya kujua, na hisia hiyo ndiyo inayomdanganya. Mwanafunzi akifunika daftari na kuandika anachokumbuka ataona aibu mapema, siku ambayo aibu haina gharama.

Kwa upande wa ufundi jambo ni rahisi zaidi. Anayesomea umeme asiandike "kufaulu kitengo cha nyaya". Aandike kwamba Ijumaa ataunganisha taa ya ngazi inayowashwa na swichi mbili, peke yake, na mwenzake aikague kabla ya mkufunzi. Picha yake iingie kwenye jalada la ushahidi siku hiyohiyo, sio wiki ya mwisho wa muhula watu wanapogombania vifaa.

Sasa niseme juu ya mahali tulipo, maana mikakati mingi tunayoinakili imeandikwa kwa vyuo ambavyo mwanafunzi analala chuoni mwaka mzima na karo imelipwa. Hapa karo hutegemea shamba kwa familia nyingi. Mvua tunayoitegemea ni ya nthwa, ya Oktoba hadi Desemba. Ndengu zinavunwa Januari, na zinahitaji wiki kadhaa kupurwa, kukaushwa na kupata bei inayomfaa mzazi. Vyuo vya ufundi navyo hupokea wanafunzi Januari, Mei na Septemba. Matokeo yake tunayajua: mwanafunzi anaripoti Januari na nusu ya karo, anakaa wiki mbili, anarudishwa nyumbani, anarejea majaribio ya kwanza yakiwa yamepita. Kisha tunamwita kumuuliza kwa nini hana bidii. Mvua ikikosekana, kama tulivyoona miaka mingi, hata hiyo nusu haipatikani.

Kwa hiyo ninaomba mhasibu wa chuo aketi katika kamati ya masomo. Najua si desturi. Lakini yeye ndiye anayejua ni wanafunzi wangapi watakuwa nje ya darasa wiki ya tatu, na bila habari hiyo ratiba ya majaribio ni kubahatisha. Jaribio la kwanza la muhula wa Januari linaweza kusogezwa mbele. Kila anayerudishwa nyumbani aondoke na karatasi ya kazi ya wiki, iliyoandikwa, sio ahadi ya kutumiwa kwa simu, kwa sababu bando nalo ni pesa. Na mzazi, uliyeko hapa, ukimwona amekaa na karatasi hiyo jioni, mpe saa moja kabla ya kumtuma mtoni.

Jambo linalotupa nguvu ni kwamba watu wa Ukambani wanajua kufanya kazi kwa vikundi kuliko wengi. Wataalamu Mary Tiffen, Michael Mortimore na Francis Gichuki waliandika mwaka 1994 juu ya wilaya ya Machakos ya zamani, iliyokuwa pamoja na Makueni. Walionyesha kwamba idadi ya watu ilikua zaidi ya mara tano tangu miaka ya 1930, na bado mmomonyoko wa udongo ukapungua. Matuta ya fanya juu yalichimbwa kwa jembe, mengi yakichimbwa na vikundi vya kusaidiana kazi vya mwethya. Vikundi vya masomo vijengwe kwa roho hiyo. Watu watano, wakutane mara mbili kwa wiki, kila mmoja aje na lengo lake la wiki na aonyeshe alipofika. Ninapinga vile vikundi ambavyo mmoja anasoma kwa sauti na wengine wanasikiliza. Katika mwethya hakuna aliyeketi kivulini akitazama wenzake wakichimba.

Nimewagusa wanafunzi na wazazi. Wakufunzi wenzangu, sehemu yetu ndiyo nzito. Mwanafunzi hawezi kuchambua karatasi ambayo hatujamrudishia. Jaribio linalorudishwa baada ya wiki sita halina faida, kwa kuwa darasa limekwisha kuhama mada na mwanafunzi hakumbuki alifikiria nini. Tukubaliane siku saba. Najua madarasa ni makubwa na mkufunzi mmoja ana makundi manne. Basi tutoe majaribio mafupi, ya maswali matano badala ya 20, yanayoweza kusahihishwa jioni mbili.

Na tunaporudisha, tuanze na maelezo kabla ya alama. Ruth Butler alilipima jambo hili mwaka 1988: wanafunzi waliopewa maelezo peke yake waliboresha kazi iliyofuata, lakini waliopewa maelezo pamoja na alama hawakuboresha, nami nadhani ni kwa sababu jicho huikimbilia alama na maelezo yakabaki hayajasomwa. Tunaweza kurudisha karatasi Jumatatu ikiwa na maelezo tu, mwanafunzi akajaza mafungu yake matatu na lengo lake la wiki, kisha Ijumaa akapewa alama. Haitugharimu chochote isipokuwa uvumilivu wa siku nne.

Nitaulizwa: mwisho wa yote si KNEC watatoa gredi, na mwajiri ataiangalia hiyo? Ndiyo. Sipendekezi tuifiche gredi wala tujifanye haina uzito. Mzazi aliyeuza mbuzi ana haki ya kuiulizia. Ninachokataa ni kuifanya ndiyo mpango wa kazi. Chuo kiwe na lengo la mwaka, lakini likae kwenye ofisi ya mkuu. Kwenye ubao wa wanafunzi tubandike kazi za wiki na idadi ya waliozimaliza, bila majina.

Katika majadiliano ya vikundi mchana huu, naomba muanze na lile la kurudisha karatasi ndani ya siku saba. Mengine yanahitaji mhasibu, ratiba mpya au ruhusa ya bodi. Hilo linaweza kuanza Jumatatu na jaribio la kwanza litakalosahihishwa.