Amri ya Mbwa Ipo, Chanjo Iko Wapi?



Matangazo ya wiki hii mmekwisha yasikia, wala hatuna haja ya kuyakariri: mbwa wafungwe mchana, mbwa wachanjwe, mbwa arandaye njiani pasipo mwenyewe atahesabiwa kuwa mbwa koko na kuondolewa, na mwenye kukaidi atalipa faini. Kila ikaribiapo tarehe 28 Septemba, siku aliyofariki Louis Pasteur mwaka 1895 na ambayo ulimwengu umeiteua kuwa Siku ya Kichaa cha Mbwa, maneno haya haya husomwa kwa sauti ile ile, kuanzia Karatu mjini hadi Endulen, na Oktoba ikiingia huwa yamekwisha sahauliwa na aliyeyasoma na aliyeyasikiliza. Redio hii haina nizaa na amri. Redio hii inauliza swali moja tu, nayo itaendelea kuliuliza: amri ipo, faini ipo, chanjo iko wapi?

Sheria, kwa hakika, si chache. Iko Sheria ya Magonjwa ya Wanyama ya mwaka 2003, iko Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008 imkatazayo mtu kumtesa mnyama, na chini yake ziko sheria ndogo za halmashauri na za vijiji, ambazo mwananchi aghalabu hupata habari zake siku ile anapoandikiwa stakabadhi ya faini. Mkulima wa Rhotia au wa Mbulumbulu, mwenye mbwa wawili wa kumlindia mahindi dhidi ya nguruwe pori na nyani washukao kutoka msituni, hatukatai kwamba ana dhima juu ya mbwa wake. Lakini dhima ni ya pande mbili, na mamlaka iliyoijua njia ya kumfikishia mtu huyu kitabu cha faini haiwezi kudai kwamba haikuijua njia ya kumfikishia kichupa cha dawa. Amri ipo, faini ipo, chanjo iko wapi?

Wako watakaosema tunalikuza jambo. Basi na watazame hesabu. Uchunguzi uliochapishwa mwaka 2002, uliofanywa kwa kupima idadi ya watu walioumwa na mbwa, ulikadiria kwamba kichaa cha mbwa huua katika Tanzania watu wapatao 1,500 kila mwaka, ilhali taarifa rasmi za miaka ya 1990 hadi 1996 zilionesha wastani wa watu 11 tu. Hao wengine wote walifia wapi? Walifia majumbani, walifia njiani, walizikwa pasipo daftari lolote kuandika kilichowaua, na watoto walikuwa wengi miongoni mwao, maana mtoto ndiye achezaye na mbwa, na ndiye afichaye kwamba ameumwa kwa kuchelea fimbo. Maradhi haya yana kinga iliyo madhubuti kabisa. Lakini dalili zake zikishadhihiri, tabibu hana la kufanya ila kumpunguzia mgonjwa adha hadi atakapokata roho. Mtu anayelijua hilo, kisha akaridhika kusoma tangazo na kwenda zake, sisi hatumwelewi.

Waama huko juu, ndani ya Ngorongoro, ambako tangu mwaka 1959 sheria imekubali kwamba mtu, mifugo na wanyama wa porini wakae pamoja, amri ya kufunga mbwa inakuwa kichekesho. Mbwa wa boma la Nainokanoka au la Olbalbal si pambo la nyumba: mchana huandamana na kundi malishoni, usiku hulala kando ya zizi, naye ndiye wa kwanza kubweka fisi anapokaribia. Afungwe saa ngapi? Aliyeandika amri hiyo, tunadhani, alikuwa akifikiria ua wenye geti.

Na tusisahau yaliyopita. Mwaka 1991 mbwa mwitu walitoweka katika nyanda za Serengeti, baada ya kichaa cha mbwa kuonekana katika makundi yao. Mwaka 1994 maradhi mengine, yaitwayo distempa, yaliua takriban theluthi ya simba wa Serengeti, yaani simba wapatao 1,000, na wataalamu wakasema chanzo chake ni mbwa wa vijiji vya pembezoni. Hapo ndipo ulimwengu ulipotaharuki, fedha zikapatikana, na wachanjaji wakaenda kijiji hata kijiji wakiwachanja mbwa. Ilikuwa kazi njema, na iliokoa watu pia; waliofanya kazi ile tunawashukuru. Lakini yafaa isemwe waziwazi: walipokufa simba, chanjo ilipatikana. Wanapokufa watoto, hupatikana tangazo.

Mwezi Juni mwaka 2025, huko Bariadi, Rais Samia Suluhu Hassan alizindua kampeni ya taifa ya chanjo na utambuzi wa mifugo, ikielekezwa kwenye homa ya mapafu ya ng'ombe, sotoka ya mbuzi na kondoo, na mdondo wa kuku. Ng'ombe akavishwa hereni sikioni, mbuzi akahesabiwa, hata kuku akakumbukwa. Hatumwonei kuku wivu. Ila mbwa, ambaye kati ya hao wote ndiye awezaye kumwua mwenye nyumba kwa jino moja, hakuwamo. Hauzwi mnadani, hatozwi ushuru, kwa hiyo hahesabiwi. Na asiyehesabiwa huchanjwa kwa kudura tu, pale mradi fulani unapopita. Hili tumelisema mwaka jana, na mwaka uliotangulia, nasi hatutachoka kulisema: mbwa hahesabiwi isipokuwa siku ya kupigwa risasi.

Tena kumpiga risasi hakufai kitu. Mbwa waliokufa, nafasi yao hushikwa na wengine ambao hawajachanjwa, na risasi haibagui. Humwua hata yule aliyechanjwa, ambaye ndiye ngao ya kijiji. Wataalamu wamekwisha tuambia dawa ya jambo hili: wachanjwe mbwa 7 katika kila 10, mwaka hata mwaka, na maradhi yatakatika. Wala tusiletewe udhuru wa umbali na ukosefu wa umeme. Uchunguzi uliochapishwa mwaka 2016 ulionesha kwamba chanjo ya kichaa cha mbwa iliyokaa nje ya jokofu kwa miezi 3, katika joto la nyuzi 30, ilimkinga mbwa sawasawa na iliyotoka kwenye baridi. Basi yaweza kukaa Kakesio, yaweza kukaa Mang'ola, yaweza kukaa Nayobi. Kwa nini haikai?

Waheshimiwa madiwani, mnapoketi kupitisha makadirio, kitafuteni kifungu cha chanjo ya mbwa, na msipokiona msinyanyue mikono! Wenyeviti wa vijiji, waandikeni mbwa wote kaya kwa kaya kama mwandikavyo ng'ombe, mpeleke idadi hiyo wilayani, mwulize wachanjaji watakuja tarehe ngapi! Nanyi wenye mbwa, siku ya chanjo ikitangazwa mleteni, hata kama ni mkali, hata kama ni mtoto wa mbwa wa wiki chache, hata kama kuna kazi shambani! Amri tunazo, faini tunazo, idaini chanjo!

Na wewe mzazi unayetusikiliza jioni hii: mwanao akiumwa, osha jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa muda wa dakika 15, usilipake majivu wala mafuta, kisha mpeleke hospitali siku hiyo hiyo, hata kama mbwa aliyemwuma ni wako na umemlea tangu alipozaliwa.