Hutuba ya Ijumaa: Kuku Mgonjwa na Haki ya Jirani

Sifa njema zote ni za Mwenyezi Mungu, aliyeumba kila kitambaacho, kila kiendacho kwa miguu na kila kirukacho kwa mbawa, akakikadiria kila kimoja riziki yake na ajali yake. Twamshukuru, twamtaka msaada na twamwomba msamaha. Twashuhudia kwamba hapana apasaye kuabudiwa kwa haki ila Yeye peke yake, na kwamba Bwana wetu Muhammad ni mja wake na Mtume wake. Sala na salamu zimshukie yeye, jamaa zake na masahaba wake wote.

Ama baada ya hayo. Enyi waja wa Mwenyezi Mungu, nakuusieni, na naiusia nafsi yangu kabla yenu, kumcha Mwenyezi Mungu katika makubwa na madogo.

Ndugu Waislamu, na akina mama mnaotusikiliza majumbani, pengine mtu atastaajabu kusikia khatibu akipanda mimbari kunena habari za kuku. Asistaajabu. Qurani imetufundisha kwamba wanyama na ndege ni umma kama sisi tulivyo umma. Na Bwana Mtume (S.A.W.) ametupa habari za mwanamke aliyeingia motoni kwa sababu ya paka: alimfungia, hakumlisha, wala hakumwachilia ajitafutie chakula chake. Ikiwa paka mmoja amemtia mtu motoni, basi je, kuku kumi tunaowafungia banda kila magharibi na kuwafungulia kila alfajiri? Huyo ni mnyama aliye mikononi mwetu, na kila kilicho mikononi mwetu tutaulizwa.

Nitakuelezeni jambo lililonipata mimi mwenyewe, nalo si la kujisifia.

Mwaka mmoja, siku chache kabla ya Idi, nyumbani kwangu tulikuwa na kuku 11. Asubuhi moja tembe mmoja alitoka bandani akichechemea. Sikumshika wala sikumtazama. Nilisema: amejikwaa, atapona. Siku ya tatu mwingine akajikunyata pembeni, mbawa zimeshuka, kinyesi chake ni maji ya kijani. Ndipo tulipoambiana nyumbani: tuwauze kabla hawajafa. Wanne waliokuwa bado wakisimama vizuri wakatiwa tengani, wakapelekwa gulioni, wakauzwa kwa bei ya sikukuu.

Aliyewanunua alikuwa mzee mmoja wa shamba. Hakuwanunua kwa kuchinja. Aliwanunua kwa kufuga. Baada ya wiki mbili au tatu nilikutana naye njiani. Hakunigombeza, kwa kuwa hakujua lolote. Alinieleza tu kwamba banda lake limebaki tupu, na mabanda ya jirani zake wawili pia, na kwamba mayai ya kuku wale ndiyo yaliyokuwa yakimnunulia mjukuu wake madaftari. Kisha akaniomba, kwa kuwa mimi ni mtu wa msikitini, nimwombee dua.

Ndugu zangu, nilirudi nyumbani bila ya kusema neno. Kesho yake nilimwendea nikamweleza yote, nikamrudishia thamani ya kuku wanne, na waliobaki nikamwahidi kuwalipa kidogo kidogo, yeye na jirani zake. Alinyamaza kitambo, kisha akaniuliza: “Sheikh, ulijua?” Nikamjibu: “Nilishuku.” Akasema: “Mwenye kushuku akauza, amejua.” Sikuwa na jawabu, na hata leo sina.

Basi katika mkasa huu yamo mambo manne ambayo kila mwenye kufuga yampasa kuyashika.

Jambo la kwanza ni kumtazama kiumbe anapoumwa. Kuku hasemi, kuchechemea ndiko kusema kwake. Mshike kwa upole, ukague mguu kutoka kwenye paja mpaka kwenye kucha. Mara nyingine utakuta ni uzi wa cherehani au unywele uliojifunga kidoleni, ukakaza mpaka damu haipiti. Ukikatwa siku ile ile, kuku hupona; ukiachwa, kidole hufa kikakatika. Mara nyingine utakuta uvimbe chini ya wayo, na katikati yake kigaga cheusi. Hilo ni jipu, na mara nyingi huanzia pale kuku anaporuka kutoka juu sana na kutua penye sakafu ngumu au mawe, wayo ukachubuka na vijidudu vikaingia. Mloweke mguu katika maji ya vuguvugu yenye chumvi, usafishe, ufunge kitambaa safi, mlaze penye majani makavu, na uteremshe kijiti anacholalia. Uvimbe ukiwa mkubwa, mpeleke kwa bwana mifugo. Usimpasue ovyo ukamzidishia mateso.

Ukiona magamba ya miguu yameinuka, yamekuwa mazito na meupe kama yaliyopakwa chokaa, hao ni wadudu wadogo mno waliojichimbia chini ya magamba. Osha kwa sabuni na mswaki laini, kisha upake mafuta ya nazi au ya mgando, urudie kila baada ya siku chache mpaka magamba mapya yatoke. Na banda nalo lisafishwe, kwani wadudu hao huhamia kwa wengine. Vifaranga wakikunja vidole kwa ndani kama ngumi, au miguu ikipinda, huenda wamepungukiwa na chakula kinachojenga mwili. Pumba peke yake haitoshi. Wape majani mabichi, dagaa waliosagwa na unga wa mifupa, na waache watoke juani, kwani jua huusaidia mwili kuimarisha mifupa.

Haya ndiyo mepesi, na yote yanaonekana kwa mwenye kuinama akatazama. Mimi sikuinama.

Jambo la pili ni kumtenga mgonjwa na wazima. Si kila kuchechemea ni jeraha. Kuku mchanga akilala mguu mmoja ameunyosha mbele na mwingine nyuma, hawezi kusimama ingawa wayo wake ni mzima, huenda ni ugonjwa wa Marek, uitwao kwa jina la József Marek, daktari wa wanyama wa Hungaria aliyeueleza mwaka 1907. Virusi vyake hukaa katika vumbi la manyoya, na dawa ya kuuponya haipo. Kinga yake ni chanjo, ambayo kwa kawaida kifaranga huchanjwa siku anapoanguliwa.

Na kuku akipooza miguu au mbawa, shingo ikapinda, akahema kwa taabu na kuharisha kijani, na wenzake wakaanza kufa mmoja baada ya mwingine, basi huo waogopewe kuwa ndio ule uitwao kideri au mdondo. Huo ukiingia katika kuku wasiochanjwa waweza kuwamaliza karibu wote. Nao hujificha: tangu kuambukizwa mpaka dalili kuonekana zaweza kupita siku mbili, na zaweza kupita hata 15. Ndiyo maana kuku wangu wanne walisimama vizuri gulioni, na mauti yamo ndani yao.

Imepokewa kwamba Bwana Mtume (S.A.W.) alimkataza mwenye ngamia wagonjwa asiwapeleke kwa mwenye ngamia wazima. Tazameni hekima hiyo! Amri ile ya ngamia ndiyo ya kuku leo. Kuku mgonjwa atengwe, apewe maji yake na chakula chake. Mwenye kumhudumia ahudumie wazima kwanza, mgonjwa mwisho, kisha anawe mikono kwa sabuni na asafishe viatu. Na kuku mgeni, hata akiwa zawadi, akae peke yake si chini ya wiki mbili kabla ya kuchanganywa na wenyeji. Wakifa wengi kwa ghafula, apelekewe habari bwana mifugo upesi, na watoto wasiwachezee, kwani yako mafua makali ya ndege yanayoweza kumdhuru mwanadamu pia.

Jambo la tatu ni ukweli katika kuuza. Mtume wetu (S.A.W.) alipita sokoni akatia mkono katika chungu ya nafaka, vidole vyake vikakuta unyevu. Mwenyewe akasema imenyeshewa na mvua. Akaamrishwa aiweke ile mbichi juu watu waione, na Mtume akajitenga na kila mwenye kudanganya. Yule mtu hakusema uongo, ndugu zangu. Alinyamaza tu. Nami nilinyamaza tu. Katika sheria yetu mnunuzi aliyefichwa aibu ya kitu ana haki ya kukirudisha. Lakini akirudishiwa fedha, nani atamrudishia kuku wake 20 waliokwisha kufa, au madaftari ya mjukuu wake? Kwa hiyo kuku wakiwa na maradhi bandani, hata yule anayeonekana mzima asiuzwe, asitolewe sadaka, asipelekwe kwa jamaa shamba. Na kuku aliyepewa dawa, mayai yake na nyama yake visiliwe wala visiuzwe mpaka zipite siku alizozitaja bwana mifugo. Huko pia ni kusema kweli.

Jambo la nne ni kisu na kaburi. Wako watu ambao kuku akianza kukata roho hukimbilia kisu. Jueni kwamba aliyekwisha kufa ni mzoga. Kisu hakimhalalishi hata akisomewa bismillahi mara mia. Na aliyechinjwa angali hai kwa kanuni zake, kuchinjwa kwake ni sahihi. Lakini si kila kilichochinjwa kinafaa kuliwa, kwani kujidhuru nako kumekatazwa. Kuku mwenye ugonjwa usiojulikana asitiwe chunguni. Na ikiwa hana tumaini la kupona, asiachwe akiteseka kwa siku nyingi; asitishwe kwa haraka, kwa kisu kikali, mbali na macho ya wenzake, kama tulivyofundishwa kufanya wema hata katika kuchinja. Kisha mzoga ufukiwe chini sana au uchomwe moto. Usitupwe jaani, wala mtoni, wala usipewe mbwa. Huko ni kuyatawanya maradhi katika mtaa mzima.

Nasema maneno yangu haya, na namwomba Mwenyezi Mungu anisamehe mimi na nyinyi. Mwombeni msamaha, hakika Yeye ni Mwingi wa kusamehe.

*

Sifa njema ni za Mwenyezi Mungu, na sala na salamu zimshukie Mtume wake.

Enyi waja wa Mwenyezi Mungu, yule mzee alinisamehe, Mungu amjaze kheri. Lakini msamaha wake aliufunga kwa sharti: niende nikamsaidie kuwakinga vifaranga atakaoanza nao. Tukamwita bwana mifugo. Akatufahamisha kwamba kideri hakina dawa ila kina chanjo. Kwamba iko chanjo ya tone moja katika jicho, inayostahimili joto kuliko zile za zamani, nayo hurudiwa kila baada ya miezi mitatu au minne. Kwamba wachanjwe walio wazima, kwani mgonjwa haimponyi. Na akasema neno lililonigusa: chupa moja ikisha kuchanganywa lazima itumike upesi, nayo hutosha kuku wengi kuliko wa nyumba moja.

Basi angalieni namna Mwenyezi Mungu alivyotufunga sisi kwa sisi! Maradhi ya kuku wako yanapita uani kwa jirani, na chanjo ya kuku wako haienei vizuri ila kwa jirani. Changeni fedha, wekeni siku, chanjeni mtaa mzima. Nanyi wanafunzi, someni tarehe na mziandike katika madaftari, mwakumbushe wazee wenu miezi mitatu ikitimia.

Ewe Mola wetu, turehemu sisi na viumbe uliotukabidhi. Tupe macho ya kuona udhaifu wao, na ndimi za kusema kweli tunapouza na tunaponunua. Walipe wote tuliowadhulumu kwa kujua na kwa kushuku, na utujaalie kuwalipa kabla ya siku isiyolipwa kwa fedha. Wabariki wajane na wazee ambao riziki yao iko katika banda dogo nyuma ya nyumba. Utusamehe, na uwasamehe wazazi wetu na Waislamu wote, walio hai na waliokufa. Amin.

Simameni kwa Sala.