Ukuta Mmoja, Mafundi Wengi: Ushirikiano wa Makanisa katika Mji wa Goma

1. Utangulizi

Wiki ya Maombi kwa ajili ya Umoja wa Wakristo huanza tarehe 18 Januari na kumalizika tarehe 25. Katika kalenda ya Goma, siku hizo zimekaa kati ya majeraha mawili. Mwaka 2002 volkano ya Nyiragongo ililipuka tarehe 17 Januari, siku moja kabla ya wiki hiyo kuanza. Lava ilishuka hadi ziwani, ikafukia maduka, shule, maelfu ya nyumba na Kanisa Kuu la Mtakatifu Yosefu. Mwaka 2025 wiki hiyo iliisha Jumamosi. Jumatatu, tarehe 27, waasi wa AFC/M23 walikuwa wamekwisha kuingia mjini.

Mada hii inachunguza umoja wa Wakristo wa Goma umesimama imara wapi na umelegea wapi. Hoja yake ni kwamba umesimama pale kazi ilipogawanywa waziwazi, kila kanisa likabaki na jina na desturi zake. Umelegea kila ulipofika kwenye kiti, fedha na kabila.

2. Umoja ulioletwa na sheria

Anayepita Katindo, Birere au Ndosho huyaona mabango ya jumuiya za Kiprotestanti: 3e CBCA, 5e CELPA, 8e CEPAC. Namba hizo zina historia. Mwaka 1970 Baraza la Kiprotestanti la Kongo, lililoundwa mwaka 1924, liligeuka kuwa Kanisa la Kristo. Sheria ya tarehe 31 Desemba 1971 kuhusu dini ikaimarisha mpango huo: Mprotestanti aliyetaka kutambuliwa na serikali alipaswa kupitia mlango huo mmoja. Jumuiya zikapewa namba zao, na wengi waliingia kwa sababu nje hapakuwa na nafasi.

Hata hivyo nyumba haikubomoka utawala wa Mobutu ulipokwisha. Kila jumuiya iliachiwa ubatizo wake, nyimbo zake na uongozi wake, huku mbele ya serikali zote zikizungumza kwa sauti moja.

Ramani ya chini yake ni ya zamani zaidi. Wamisionari walikuwa wamegawana maeneo ili wasigombanie waumini: Wabaptisti walijikita Katwa, upande wa Butembo, na Wapentekoste kutoka Sweden wakawa na maeneo yao. Mgawanyo huo ulipunguza ushindani wa misheni, lakini uliacha hali ambapo mara nyingi mpaka wa jumuiya unakaribiana na mpaka wa lugha ya nyumbani. Goma imeichanganya ramani hiyo. Vita katika maeneo ya Masisi, Rutshuru na Nyiragongo vimewaleta wote mjini, na Kiswahili kimekuwa lugha ya kupatana sokoni na kanisani.

3. Pale kazi ilipounganisha

Mfano ulio wazi zaidi ni afya. Mwaka 1981 Kanisa la Kristo, likisaidiwa na Marekani kupitia USAID, lilianzisha mradi wa SANRU wa afya vijijini. Nchi ilikuwa ikigawanywa katika zoni za afya, na mradi ulikubali kanuni rahisi: hospitali iliyopo ndiyo itakayotumika, iwe ya Wakatoliki, ya Waprotestanti, ya Wakimbangu au ya serikali. Mgonjwa hakuulizwa cheti cha ubatizo, na kanisa halikuwa na haja ya kujenga hospitali ya pili kando ya ile ya jirani ili tu kuonyesha bendera yake.

Goma yenyewe ina HEAL Africa, hospitali iliyoanzishwa na daktari mpasuaji Jo Lusi na mkewe Lyn. Lava ya mwaka 2002 iliiteketeza, ikajengwa upya. Nje ya wodi, vijijini, shirika hilo liliunda Kamati za Nehemia, ambamo viongozi wa Kikatoliki, wa Kiprotestanti na wa Kiislamu walikaa pamoja kusuluhisha migogoro na kuwapokea wanawake waliobakwa, ambao familia zao ziliwakataa. Lyn Lusi alipewa tuzo ya Opus mwaka 2011, akafariki mwaka uliofuata.

Anayeisoma Nehemia sura ya tatu anaona kwa nini jina hilo lilifaa. Makuhani wanajenga lango lao, wafua dhahabu sehemu yao, watengeneza manukato yao, na mtu mmoja anajenga pamoja na binti zake. Ukuta ni mmoja, lakini kila kipande kina mwenyewe anayeweza kuulizwa. Sura hiyo haifichi aibu pia: watu wa Tekoa walifanya kazi, wakuu wao wakakataa kuinama.

Januari 2025 wajenzi walionekana tena. Hospitali ya CBCA Ndosho, ambako Msalaba Mwekundu wa Kimataifa ulikuwa umeweka timu ya upasuaji kwa miaka mingi, ilifurika majeruhi hadi nje ya wodi. Tarehe 12 Februari ujumbe wa pamoja wa maaskofu Wakatoliki wa CENCO na wa Kanisa la Kristo, ECC, ulifika Goma kuzungumza na viongozi wa AFC/M23. Siku chache kabla ulikuwa umeonana na Rais Tshisekedi Kinshasa, na kutoka Goma ukaelekea Kigali. Wajumbe walibeba pendekezo lao la Mapatano ya Kijamii kwa ajili ya Amani. Walilaumiwa kwa kukaa meza moja na waasi, lakini Mkatoliki na Mprotestanti waliibeba lawama hiyo pamoja.

4. Panapolegea

Kushirikiana hakuleti amani peke yake. Januari 2008 zaidi ya wajumbe 1,000 walikutana Goma katika mkutano wa amani wa Kivu zote mbili. Mwenyekiti alikuwa padri Mkatoliki, Apollinaire Malu Malu, na kikao kilifanyika katika chuo kikuu cha Kiprotestanti, ULPGL. Makundi yenye silaha yalitia saini tarehe 23, ndani ya Wiki ya Maombi. Mwishoni mwa Oktoba wapiganaji wa CNDP, moja ya makundi hayo, walikuwa mlangoni mwa mji. Makanisa yalikuwa yameandaa meza; hayakuwa na uwezo wa kumlazimisha aliyetia saini kutimiza neno lake.

Ufa wa kiti ulionekana mwaka 2021. Madhehebu manane yalipaswa kukubaliana juu ya mwenyekiti wa tume ya uchaguzi. Sita yalimuunga mkono Denis Kadima, CENCO na ECC zikampinga, na aliteuliwa hivyohivyo. Tangu hapo, kusema "viongozi wa dini" kwa jumla kumekuwa kugumu. Makanisa ya uamsho, yanayojaza mitaa ya Goma, yanajiona yamewekwa pembeni na makanisa makubwa.

Kuyaacha nje ni hatari hata kwa mwili. Julai 2019, mgonjwa wa kwanza wa Ebola kuthibitishwa Goma alikuwa mchungaji aliyetoka Butembo kwa basi. Ujumbe wa afya unaopita kwenye parokia na jumuiya zenye namba pekee unawakosa maelfu wanaowekewa mikono kila wiki katika vibanda vya mbao.

Kuhusu fedha, mji una kipimo chake. Floribert Bwana Chui, mkaguzi wa OCC, ofisi ya serikali ya kukagua bidhaa, hapa Goma, aliuawa Julai 2007 baada ya kukataa hongo ili chakula kilichooza kiingie sokoni. Kanisa Katoliki lilimtangaza mwenye heri tarehe 15 Juni 2025. Chakula alichokizuia kingeliwa na watoto wa kila dhehebu.

5. Mapendekezo

Kwanza, kila mtaa uwe na orodha moja ya viwanja vya makanisa vinavyoweza kupokea watu: vyoo vingapi, maji yanatoka wapi, nani ana ufunguo. Mei 2021, Nyiragongo ilipolipuka tena na wakazi kuamriwa kuondoka, wengi walikwenda Sake bila kujua watalala wapi. Orodha hiyo ijumuishe makanisa ya uamsho.

Pili, msaada unaopokelewa kwa pamoja utangazwe kwa pamoja: kilichoingia, kilichotoka na aliyepokea, vibandikwe kwenye mlango wa kila kanisa husika.

Tatu, wahubiri wabadilishane mimbari kati ya jumuiya ambazo waumini wake wanatiliana shaka kwa sababu ya kabila. Mahubiri ya chuki yashughulikiwe na kanisa la mhubiri mwenyewe kabla ya jirani kulazimika kulalamika.

Nne, itumike mikono iliyopo ng'ambo ya mpaka. CBCA na Kanisa la Kipresbiteri la Rwanda ni wanachama wa ushirika mmoja, Misheni ya Umoja wa Kiinjili yenye makao Wuppertal. Wakati serikali hazisalimiani, wachungaji hao bado wana sababu ya kuandikiana.

6. Maswali kwa vikundi

Je, ni kazi gani katika mtaa wenu inafanywa na makanisa mawili bila kujuana? Ni kanisa lipi halijawahi kualikwa kwenye kikao chenu, na kwa nini? Msaada ukija kesho, nani atashika daftari, na nani wa dhehebu lingine atalikagua?