Habari za Mtepe, Chombo Kisicho na Msumari



Huenda mmoja wenu akauliza: sisi tukaao Chidya, mbali na maji ya bahari, tuna shughuli gani na vyombo? Twajibu kwamba nguo walizovaa wazee wetu zilishushwa kwanza Lindi na Mikindani, kisha zikapandishwa huku mabegani mwa watu. Kwa hiyo habari za vyombo ni habari zetu pia.

Chombo tunachotaka kukieleza leo ni mtepe. Ulijengwa khasa na Wabajuni wa visiwa vya Lamu. Mbao zake hazikupigwa msumari wa chuma hata mmoja, bali zilishonwa kwa kamba za makumbi ya nazi. Tanga lake lilikuwa la miaa, lenye pembe nne; na omo yake ilifanana na shingo na kichwa cha ngamia. Ulikwenda Unguja kwa kaskazi, umejaa boriti za mikoko za kujengea nyumba, ukarudi kwa kusi. Ulipokwama juu ya fungu la mchanga haukuvunjika upesi, kwa sababu mbao zilizoshonwa hulegea kidogo. Lakini maji yalipenya daima katika mishono, na mabaharia hawakupumzika kuyafua.

Ushonaji huu ulikuwa wa kale mno. Katika karne ya 1 mwandishi mmoja wa Kiyunani alitaja bandari ya pwani yetu iitwayo Rhapta, akasema imepata jina hilo kwa vyombo vyake vya kushonwa.

Basi kazi iliyodumu zaidi ya miaka 1,800 ilikomaje? Haikukomeshwa na dhoruba. Misumari ya chuma ilipatikana kwa urahisi; jahazi la misumari halikuhitaji kushonwa upya mara kwa mara, na tanga lake la pembe tatu lilikwenda vizuri zaidi upepo ukiwa wa ubavuni. Wenye mali wakahamisha shehena zao. Katika nusu ya kwanza ya karne ya 20 mtepe ukatoweka baharini.

Hatuwalaumu waliochagua jahazi. Kila mtu hutafuta chombo chenye faida. Hasara tunayoisikitikia ni nyingine. Mnamo mwaka 2003, mtepe ulipojengwa tena Unguja kwa ajili ya makumbusho, wajenzi walilazimika kutegemea vielelezo vidogo na picha za zamani, kwa maana mikono iliyojua kazi ile ilikwisha kuzikwa.

Wazee walisema: mali bila daftari hupotea bila habari. Ndugu makarani, daftari na kalamu ndizo zana zetu za kila siku. Katika Masasi na Newala wako wahunzi, wafinyanzi na wachongaji wenye elimu isiyoandikwa popote. Twaomba kila mwanachama amwendee fundi mmoja, amwulize kwa adabu, aandike majina ya zana zake na mpango wa kazi yake, fundi huyo angali hai.