Mkasi Ulio Mkononi mwa Mkulima

Dominika ya Tano ya Pasaka, Mwaka B (Yohane 15:1-8)



Hapa Olmotonyi tunajua kupogoa misindano na mibuni iliyo chini ya migomba. Msindano hukatwa matawi ya chini ungali mchanga, ili mbao zake zisiwe na mafundo. Mzabibu hupogolewa kwa sababu nyingine, na ni heri tumwulize mkulima wa Dodoma kabla ya kulifafanua fumbo la Bwana.

Mzabibu huzaa katika machipukizi mapya, yatokayo kwenye macho ya vitawi vilivyokomaa. Macho yakiachwa mengi mno, vichala huwa vingi, lakini mti hauwezi kuvilisha vyote: zabibu huwa ndogo, sukari haba, divai nyepesi isiyo na ladha. Ukikatwa kupita kiasi, nguvu zake huishia kwenye majani. Kisha mkulima huyafunga matawi juu ya waya, jua na upepo vipite, maana ukungu hupenda kivuli chenye unyevu. Huko Dodoma hakuna majira ya baridi ya kuulaza mzabibu kama Ulaya. Mkasi ndio unaouamsha, na ndiyo sababu huweza kuvunwa mara mbili kwa mwaka.

Angalieni basi: lisilozaa huondolewa, bali linalopogolewa ni tawi lizaalo. Na tawi halishiki mkasi. Yesu anawaambia wanafunzi kwamba wamekwisha kuwa safi kwa ajili ya neno alilowaambia. Kumbe chombo cha Baba ni neno.

Nasema haya kwa sababu nimesikia, matangani, Mkristo akimwambia mjane, "Mungu amekupogoa." Ndugu zangu, tusiseme hivyo. Mumewe hakuwa tawi la ziada. Si kila jeraha la mzabibu limetokana na mkasi. Jingine limeletwa na ng'ombe aliyevunja ua, na mkulima mwenyewe hulisikitikia.

Nanyi makatekista, binti aliyezaa kabla ya ndoa akija kuomba mtoto wake abatizwe, msimpokee kwa mkasi. Tuliyokabidhiwa sisi ni kazi ya waya na kamba: kumfunga taratibu, fundo lisimkabe, mpaka jua limfikie.

Mjane yule bado ana mahindi yasiyopaliliwa, na masika hayamngoji.